Kabureta Iliyokataa Kupanda Mlima

Tumsifu Yesu Kristo. Aa, itikieni vizuri, hamjafiwa. Mwenyekiti wa jumuiya amenitaka niseme namna Mungu alivyonitoa shimoni. Mimi shule niliiacha mapema, mahubiri siyajui. Nitasema habari ya kabureta. Anayeona kabureta si neno la kanisani anivumilie, maana ndiyo iliyonikalisha barabarani nikalia na ndevu zangu.

Wazee wenzangu mnakumbuka soko la kahawa lilipofunguliwa. Ushirika ukalegea, wakaja wanunuzi binafsi na mizani zao, na mwanzoni tulicheka. Nikauza kahawa, nikanunua pikipiki. Kisha bei ikaanguka, mibuni ikabaki ya kutazamwa tu. Nikasema sawa, mke wangu kwao ni Lipingo, nitashuka ziwani kuchukua samaki, niwapandishe Mbinga. Basi chumvi, sabuni, ada za watoto, vyote vikapanda juu ya pikipiki ile.

Ikanitenda. Ziwani inanguruma vizuri. Nikianza mlima na matenga nyuma, inatoa moshi mweusi, inakohoa, inazima. Nafungua plagi, nyeusi kama sufuria ya kuni. Naifuta, inakwenda kidogo, inazima tena. Nikifika sokoni samaki wamelegea, akina mama wananizunguka wameziba pua.

"Shikamoo baba samaki! Hawa marehemu wamefariki lini?"

"Baba, tuwanunue au tuwazike?"

Nacheka nao. Ndugu zangu, nawaambia, kucheka pamoja na wanaokucheka ni kazi kuliko kuchimba ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani.

Nikampelekea fundi wa Mbinga. Akafungua kabureta, akatoa sindano, ile inayopima petroli ya kuingia kwenye injini, akaishusha kidogo. "Mzee, nani aliiweka hivi? Inakunywa kama mlevi." Ikaimba. Nikashuka nayo kama mfalme. Kabla sijafika Lipingo, injini ikawa ya moto, inapiga risasi, haina nguvu, kimya. Fundi wa ziwani, mtu wa mashine za boti, akaifungua akasikitika. "Shemeji, nani kakutendea haya? Injini inakufa njaa." Akaipandisha sindano. Ikaimba. Nikapakia samaki, nikafika mlimani: moshi mweusi.

Hivyo hivyo msimu mzima. Wa juu anamtukana wa chini, wa chini anamtukana wa juu, na kila mmoja akiigusa inawaka mbele ya macho yangu. Ningembishia nani? Majirani wakasema nimerogwa. Kwa mganga sikwenda. Si kwa utakatifu, sikuwa na kuku wa kumpelekea.

Siku moja mke wangu alikuwa nyuma yangu, tunatoka Lipingo kumzika shangazi yake, na samaki nimepakia vilevile. Pikipiki ikazima katikati ya mlima. Nikafuta plagi. Nikapuliza kabureta mpaka petroli ikanichoma ulimi. Nikapiga kiki mpaka mguu ukakataa. Nzi wakaanza kufika kwenye matenga. Nikakaa chini. Mikono hii imejenga nyumba, imefyeka pori, siku ile ilikaa magotini tu, sijui niipeleke wapi. Nikalia.

Mke wangu hakunibembeleza. Akasema, "Baba, kwani hewa ya kwenu na ya kwetu ni moja?"

"Hewa ni hewa."

"Si moja. Nilipokuja kuolewa nilihema kwenye vilima vyenu mpaka mama yako akasema nina mapafu ya samaki. Na maharage yenu hayaivi upesi. Hiki chombo nacho kinahema."

Nikamwambia anyamaze. Samaki tukawagawia wapita njia, pikipiki tukaisukuma.

Nilipomweleza fundi wa juu, alicheka. "Mimi naweka sawa. Wa chini anaharibu." Nikamwambia, "Basi iweke sawa, bisibisi tia mfukoni mwako, panda nyuma. Tushuke wote, asiiguse mtu." Akakataa. Nikamsihi. Mimi, ambaye sijawahi kumsihi mtu! Akapanda.

Huku juu ilikwenda vizuri, naye akapiga mluzi mgongoni mwangu. Tukashuka, joto likazidi, mluzi ukakoma. Karibu na ziwa injini ikazima, na mkono wa mtu haukuigusa. Tukaisukuma hadi kwa fundi wa boti.

"Aliyeiweka hivi ni nani?" akauliza.

"Mimi."

Nilidhani watapigana. Wakachuchumaa. Wakabishana mpaka ugali ukaletwa, wakabishana na matonge mkononi. Mwisho nikasema yale ya mke wangu, wakatazamana, wakakubali kumbe ndivyo. Huku ziwani hewa ni nzito, injini inataka petroli zaidi. Juu hewa ni nyepesi, petroli ileile inazidi, plagi inachafuka. Wote wawili walikuwa sawa, kila mmoja penye kibanda chake.

Wakanifundisha kuishusha sindano mwenyewe nikianza kupanda, na kuipandisha nikishuka. Mara za kwanza klipu, kile kibanio kidogo cha sindano, iliruka majanini, nikaitafuta kwa magoti kama mtu anayesali Rozari. Na bado siku nyingine ilinizimikia. Sikutajirika, msije mkasema nilitajirika. Watoto walikula, basi.

Nawashukuru mafundi wale. Mmoja ametangulia, Bwana ampumzishe. Namshukuru na mke wangu, yule pale anayejificha kwa kitenge. Mama, toa uso. Mbele ya hawa wote, asante.

Funzo langu ni hili. Walionishauri walikuwa wengi, na wengi walisema kweli, lakini walisema wakiwa wamekaa. Nilipona siku mtu alipokubali kupanda nyuma yangu na kwenda hadi mahali ninapozimika. Mwenye pikipiki inayomsumbua anione baada ya sala, aje nayo yenyewe, asije na maneno. Na mwenye shida isiyo ya pikipiki aje vilevile. Dawa huenda nisiijue, ila kwenda naye nitakwenda.