Bi Keti Kwanza Ahama na Dirisha Lake

Baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye dirisha la malalamiko la ofisi yetu ya maji, Bi Keti Kwanza anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kazi ya kuandika wasifu wake nimepewa mimi, msoma mita, na ofisi nzima inajua sababu: hakuna aliyempa kazi nyingi kuliko mimi. Kwa kuwa naogopa mbwa, mita nyingi nimezisoma nikiwa nje ya geti, kwa kukisia. Kila nilipokisia vibaya, mwenye nyumba alifika dirishani kwa Bi Keti akitokwa na povu.

Jina la utani alilipata kwa utaratibu wake. Mtu alikuja akifoka, bili mkononi, yeye hakubishana naye. Alimwambia, "Keti kwanza," akamsogezea glasi ya maji, akangoja anywe. Kisha yakafuata maswali yale yale: tatizo lilianza lini, limempata nani mwingine, na unataka tufanye nini. Wengi waliingia wakiapa kuivunja ofisi, wakatoka wakimuuliza hali ya wajukuu wake. Hata mameneja waliotaka kuubadili utaratibu huo walianza kwa kuketishwa.

Mwaka jana alitutangazia kwamba akistaafu hatakaa tu kuota jua. Atafungua biashara ya keki nyumbani. Kila Jumatatu akawa anatuletea keki za majaribio, na hapa naomba mniruhusu nichague maneno. Nje zilikuwa ngumu, katikati zilikuwa mbichi, na jinsi alivyoyapata yote mawili kwa mpigo sijui hadi leo. Sisi tukasifia. Mhasibu alisema hajawahi kula keki kama ile, na kwa kweli alikuwa hajawahi. Mimi niliomba kipande cha pili ili nionekane mstaarabu, nikakitia mfukoni nikakisahau. Suruali ilifuliwa, kipande kikatoka kizima. Tarishi aliwapelekea kuku wake mabaki yetu. Anasema walikizunguka kile kilima cha keki, wakakitazama, wakaenda zao.

Mwenyewe alikuwa haonji. Ana kisukari, na daktari alishamkataza vitu vitamu. Ulimi wake ulikuwa sisi. Mumewe, fundi redio mpole kupita kiasi, alikuwa anasingizia meno. Basi Jumatatu moja ya mwezi Machi akaja na keki na habari njema: kiinua mgongo chake chote atakinunulia oveni kubwa ya kisasa, na muuzaji anakuja kesho yake kuchukua malipo ya awali. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote, halafu nikaenda kujifungia chooni kwa aibu.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikapanga foleni dirishani kwake, nyuma ya mama mmoja ambaye mita yake nilikuwa nimeikisia. Zamu yangu ilipofika nikasema nina malalamiko. Hakushangaa. Akaniambia niketi kwanza, akanisogezea maji, akauliza tatizo lilianza lini. Nikasema, tangu keki ya kwanza. Limempata nani mwingine? Nikageuka nikitarajia wenzangu wamejificha, maana mimi ningejificha. Nyuma yangu alikuwa amesimama mhasibu, na nyuma yake tarishi, wote wameinamisha vichwa. Aliponiuliza nataka tufanye nini, nikaivuta glasi karibu. Machozi yalinilenga, nikajifanya nakunywa maji.

Uso wake ulimshuka, na hilo liliniuma. Akachukua kipande kilichobaki jana yake, akaking'ata kwa mara ya kwanza, akatafuna kwa muda mrefu, kwa kuwa hakukuwa na njia nyingine. Kisha akasema kwamba tangu aanze kazi hajawahi kupata walalamikaji wavumilivu kiasi hiki, na akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Mchana alimpigia simu muuzaji wa oveni asije.

Badala yake alikwenda kujifunza kwa mwokaji wa mtaa wa pili, mkali anayegombeza hata unga. Keki akaziacha. Sasa kila jioni anaoka mkate wa unga usiokobolewa, usiotiwa sukari, ambao anaweza kuuonja mwenyewe kabla haujatoka jikoni. Anauza kupitia dirisha la sebule linalotazama barabara, na mumewe amempigilia benchi chini ya dirisha hilo. Mteja hapewi mkate kabla hajaketi na kuonja kipande.

Na mkate huo ni mtamu, jamani. Shida ni kwamba tukimsifia, anatutazama kwa lile jicho lake la dirishani, akingoja tuseme ukweli. Tumeapa. Mhasibu amelamba makombo mbele yake, na kuku wa tarishi wanayapigania yaliyobaki. Yeye hatuamini hata kidogo, na ana haki.

Bi Keti Kwanza, asante kwa kuwaketisha watu wote niliokutumia wakiwa na hasira, na kwa kuniketisha mimi. Tutakukosa kila bili zitakapotoka. Tunakuombea afya, foleni ndefu, na ile oveni kubwa siku yake itakapofika. Maisha yako mapya yawe mema kuliko tulivyostahili kukutakia. Mkate wako ni mtamu, dada yetu. Safari hii ni kweli. Waulize kuku wa tarishi.