Amit Rasiklal na Msikilizaji Mmoja wa Kamachumu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, Bwana Amit Rasiklal, Mkuu wa Ufundi wa Redio Mgombani, anastaafu. Atakabidhi funguo za chumba cha mitambo, kikombe ambacho hakuna mwingine aliyethubutu kukinywea, na ubishi wake, ambao hatujui utarithiwa na nani.

Amit alizaliwa Bukoba mjini, nyuma ya duka la wazazi wake la khanga, sabuni na taa za chemli. Ndugu zake wengi walihama, yeye akabaki. Kihaya chake kimewasumbua wageni wengi: mtu aliyezoea kumsikia kwenye simu, siku ya kukutana naye humtazama, kisha humtafuta Amit mwenyewe nyuma yake. Alijiunga nasi kituo kikiwa chumba kimoja Kitendaguro, na magodoro ukutani ya kuzuia mwangwi. Yeye ndiye aliyesimika mnara uliowafikishia matangazo watu wa Muleba, na ndiye aliyetujengea tovuti ya kwanza, seva yake ikinguruma chini ya ngazi.

Kila mtumishi mpya alipata somo la itifaki, atake asitake. Itifaki, alifundisha, ni utaratibu wa mashine kusalimiana, na haina mwenyewe. Mfano wake ulikuwa akamwani, ile kahawa ya kutafuna anayokaribishwa nayo mgeni. Mtu wa Izimbya akiingia nyumba asiyoijua kule Muleba, anajua la kufanya: anasalimia, anapokea, anatafuna. Hakuna kampuni inayouza ruhusa ya kusalimia. Barua pepe ni hivyo, tovuti ni hivyo. Mtandao wa kijamii, kwa Amit, ni nyumba ya tajiri mmoja; unakaa kwa masharti yake, na akikuchoka unatoka. Anayeshika mlango huo anatawala hata kama hakupigiwa kura, na ndiyo maana alisisitiza kwamba programu za kompyuta ni siasa.

Somo hilo lilikuwa tamu mara ya kwanza. Mara ya kumi, watu walikumbuka ghafla kwamba wameacha ndizi jikoni. Alikataa kuingia kwenye kundi la ofisi la simu, akawa anatutumia barua pepe ambazo hatukuzifungua. Mwaka mmoja tuliihamisha sherehe ya Krismasi kwa ujumbe wa kundi, na Amit akaketi peke yake ukumbini Kahororo, amevaa suti, sisi tukichoma samaki ufukweni.

Alituwekea pia mlisho, yaani njia ya vipindi vipya kujipakua vyenyewe kwenye simu ya msikilizaji na kubaki humo. Takwimu zilionyesha kwamba ulitumiwa na mtu mmoja tu, huko Kamachumu. Tulimtania sana juu ya mtu huyo. Tulisema ni Amit mwenyewe akienda kutembea.

Kisha ukaja msimu wa kampeni. Kituo kilitaka kurusha midahalo ya wagombea udiwani kwa video kwenye ukurasa wetu wa mtandao wa kijamii. Vipindi vyote vya Sauti za Wazee, mfululizo wetu wa mahojiano na wazee wa mkoa, vilikuwa vimeshapakiwa huko, na video zilihitaji nafasi, hivyo ikapendekezwa diski za ile seva ya chini ya ngazi, zilizohifadhi rekodi za awali, zifutwe. Amit alipinga kikaoni kwa viwango, leseni na itifaki mpaka watu wakaanza kutazama saa. Meneja wetu, Bi. Klaudia Mwijage, alisema kwa upole kwamba wasikilizaji wako huko, nasi tuwafuate. Kura zikamwangusha. Tulikubaliana angojewe arudi na diski ya kuhamishia, kwa kuwa alikuwa anakwenda Muleba kutengeneza mnara. Hakungojewa; diski zikafutwa. Mdahalo ulikuwa umekaribia.

Wiki chache baadaye mdahalo wa Muleba ulichemka. Wafuasi wa kila upande waliona tumempendelea mpinzani wao, wakaushtaki ukurasa wetu kwa wenye mtandao, nao wakaufunga. Hapakuwa na ofisi ya kupigia hodi. Tuliandika, tukajibiwa na mashine. Wazee waliosimulia mibuni, ngoma na misiba, wengi wao sasa marehemu, wakapotea mara ya pili.

Bi. Klaudia alimkuta Amit ameketi kwenye ngazi, akampa pole kwa kazi yake iliyopotea. Amit akamjibu, "Mama yangu alikuwamo. Nimewaeleza itifaki siku nzima, kumbe ningesema hilo tu."

Mama yake, Bi. Jasumati, alihojiwa karibu na mwisho wa maisha yake. Alisimulia kwa Kihaya habari za kibakuli cha akamwani alichokiweka juu ya kaunta ya duka, kwa anayenunua na asiyenunua. Angelisema hilo kikaoni, hakuna mkono ambao ungelinyooka. Linatuuma mpaka leo.

Baadaye alikuja kituoni mama mmoja wa makamo, Bi. Annastella, mkulima wa Kamachumu, kuuliza kwa nini vipindi vimeacha kuingia kwenye simu yake. Ndiye aliyekuwa yule msikilizaji wetu mmoja wa mlisho. Alikuwa amehifadhi vipindi vyote vya wazee wa Muleba. Vya Bukoba mjini alivifuta ili apate nafasi ya picha za wajukuu. Amit alimkaribisha akamwani, akavipakua vyote, akavipandisha kwenye tovuti mpya, juu ya seva yetu wenyewe, kila mtu awe huru kuchukua nakala. Alipomaliza alisema, "Mama za watu wamerudi." Wa kwake hakuwamo.

Bwana Amit, asante kwa mnara, kwa tovuti, na kwa masomo tuliyoyakimbia. Pumzika salama nyumbani, na afya iwe yako.

Na wewe msomaji, kama una simu ya zamani kwenye droo, iwashe. Ukisikia sauti ya mwanamke akisimulia kwa Kihaya habari za duka na kibakuli cha akamwani, tuletee. Mstaafu hakutuomba tuandike haya. Hata safari hii hakusema.