Bwana Jaribio, Mfuaji wa Mashuka ya Hospitali

Haki ya Mungu, mbele ya jeneza la kaka yangu, nasema kwa sauti ili hata mliosimama kule nyuma msikie, kila neno nitakalotoa hapa ni kweli tupu, nikiongeza chumvi hata chembe moja ulimi huu ukauke leo hii, na karatasi mnayoiona mkononi nimeishika kwa heshima tu, aliyeiandika ni mpwa wangu, maana mimi na shule hatukuelewana, lakini historia ya kaka naijua kuliko karatasi.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1966, chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, ng'ambo ya reli, mtoto wa kwanza wa baba seremala na mama mshonaji, na siku hiyo mvua ilinyesha mpaka magodoro ya mtaa mzima yakaelea, mama mdogo usitikise kichwa, wewe ulikuwa hujazaliwa. Mimi nilifuata mwaka 1974, nikawa na sura nzuri zaidi, hilo hata yeye alilikubali.

Shule alianza Januari 1973, shule ya msingi ya nyuma ya stendi, akamaliza Novemba 1979, na miaka yote hiyo alikaa dawati la mwisho peke yake, mwalimu anaita majina ya darasa zima, la kwake analiruka, naye halalamiki, anangoja tu mpaka mwalimu akumbuke, na siku nyingine hakumbuki.

Tarehe 11 Juni 1987 aliajiriwa hospitali kubwa, chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo, mahali ambapo mashine zinanguruma mpaka ukimsalimia mtu anaona midomo inacheza tu, na mvuke wake, wallahi, mtu mnene akiingia asubuhi jioni anatoka mwembamba. Kazi yake ilikuwa kushusha mashuka machafu na kupandisha masafi kwa toroli, nusu ya nchi hii imelala juu ya kazi ya mikono yake, na hakuna aliyeijua sura yake.

Siku moja nilimtembelea kule chini, akanitandazia mashuka mawili mezani, akaniambia mdogo wangu angalia, yote mawili ni ya watu waliofariki jana, hili limekunjamana pembeni, maana yake watu walikaa kitandani, waliegemea, walilishikilia, na hili jingine pembeni limenyooka kama lilivyotoka kwenye pasi, huyu hakuwa na mtu. Nikamwambia kaka, siku hizi unapiga ramli kwa mashuka, akacheka kidogo, akasema langu mimi litashuka limenyooka. Nikamwambia acha uchuro bwana, wewe una mimi. Akaendelea kukunja.

Sasa zamani pale hospitali kulikuwa na mafaili ya karatasi, faili lako linatafutwa mpaka unapona mwenyewe kwa hasira, ndipo mwaka 2011, mwezi wa pili, zikaletwa kompyuta, na hapo lazima tuseme ukweli, mambo yalibadilika, daktari anabonyeza huku, dawa inafungwa kule dirishani kabla mgonjwa hajavaa viatu, picha ya kifua inatokea kwenye kioo hata daktari akiwa jengo lingine, na mgonjwa akilazwa tu, ujumbe unaruka wenyewe kwenye simu za ndugu zake. Wauguzi wanafunzi ikabidi wafundishwe, na kwa kufundishwa anatakiwa mgonjwa wa uongo, lakini yule fundi wa kompyuta, ambaye yupo hapa na ninamheshimu, akaona uvivu kumtunga mtu, akamkamata kaka anapita na toroli lake, akachukua jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa na alama ya kidole gumba, akaviingiza humo humo walimo wagonjwa wa kweli. Akamuuliza ndugu wa karibu ni nani, kaka akatazama sakafu, akasema pale paache wazi.

Kuanzia siku hiyo hospitali nzima ikamwita Bwana Jaribio, kila darasa jipya lilimtibu yeye, alitolewa kidole tumbo, alivunjika nyonga, alijifungua mapacha kwa upasuaji, hakuna ugonjwa duniani ambao kaka yangu hakuugua na akapona.

Tumefika kwenye ndoa, na hapa mpwa wangu ameandika kwamba marehemu hakubahatika, lakini mpwa wangu hajui. Marehemu alifunga ndoa tarehe 9 Mei 2013, ndani ya kompyuta, pale muuguzi mwanafunzi mmoja mwenye kicheko cha kuvunja vioo alipojiandika kuwa ni mke wake na kuweka namba yake mwenyewe ya simu, aone kama ule ujumbe wa ndugu unafika kweli, ukafika, darasa likapiga vigelegele, na tangu hapo akikutana naye kwenye korido anamwambia mume wangu, mbona umechelewa kurudi, leo nyumbani hapapikwi. Mwezi huo kaka alinunua kikombe cha pili. Nilikikuta kabatini juzi, karatasi ya dukani bado iko ndani.

Watoto pia alijaliwa, kila mwaka wanafunzi walijiandika, huyu mwanawe, huyu binti yake, huyu shangazi, wakafaulu, wakapangiwa vituo vya mbali, wakaja wengine, na jioni yeye alirudi kwenye chumba chake chenye kiti kimoja, akafungua redio, akazungumza na mtangazaji, jirani yake wa ukutani ni shahidi.

Tarehe 4 Agosti mwaka huu wa 2024 alianguka pale pale kufulia, wenzake wakampandisha kwa toroli lake mwenyewe. Daktari aliyempokea alikuwa mgeni, akabonyezesha kidole gumba, likafunguka faili la Bwana Jaribio, daktari akakodoa macho, akamuuliza mzee, wewe uliwahi kujifungua, na kaka, pumzi hana, akamjibu hao walikuwa watoto wa mtihani, daktari. Kila dawa iliyoandikwa, kompyuta iliikataa kwa taa nyekundu, kwa sababu wanafunzi walimwandikia kwamba dawa zote zinamdhuru, ili waione hiyo taa ikiwaka, mpaka daktari akaisukuma kompyuta kando, akamuuliza kwa mdomo, akamtibu kwa kalamu kama zamani, na alituhakikishia kwamba kilichomshinda ni moyo, ulikuwa umeshachoka sana. Lakini kabla ya hapo alikuwa amebonyeza alazwe.

Ujumbe ukaruka. Mumeo amelazwa, baba yako amelazwa, nchi nzima simu zikalia, na ndugu zangu, walikuja watu elfu moja, magari yakajaa mpaka barabarani, sawa, matroni ananikazia macho, walikuja mia, haya, niko mbele ya jeneza. Walikuja wanne. Namba nyingi zilishabadilishwa, wengine walidhani ni darasa, hata yule mke alicheka kwanza, ndipo akakumbuka kwamba darasa lake liliisha zamani, akamwachia mume wake wa kweli watoto, akapanda basi. Namba yangu haikuwemo, shemeji huyo ndiye aliyeitafuta kwenye simu ya kaka akanipigia, nikasafiri kwa kasi ambayo hakuna binadamu amewahi kusafiri, nikakuta tayari.

Alifariki tarehe 6 Agosti, saa tisa alasiri, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Mwenzake wa kufulia aliniita chini, akanitandazia shuka kwenye meza ile ile. Lilikuwa limekunjamana, pande zote mbili. Kumbe wanne wanatosha.

Tunamshukuru daktari, wauguzi, wafuaji waliomfulia shuka lake la mwisho, jirani wa ukutani, na wale wanne, simameni watu wawaone.

Lala sasa, kaka, zamu yako imekwisha.

Na ninyi mliobaki, nina ombi. Wakubwa waliamuru faili lile lifutwe, na fundi alijibu limefutwa, lakini ukweli aliondoa jina na kidole tu, lisije likamponza mgonjwa mwingine, Bwana Jaribio bado amelazwa humo, anaendelea vizuri, na jana darasa jipya limemwongezea binti. Fundi ana familia, na kaka sasa naye anayo, kwa hiyo haya yasitoke hapa, mkiulizwa, semeni limefutwa.