Severini Aombewe Wapi?

Vita vya Mjapani vilipopamba moto, pale Kivinje palikuwa na benchi, na benchi lile, wajukuu zangu, lilijua kila kitu. Hata Kiingereza lilijua, ilimradi Mwingereza asiwepo. Ahmadi alimimina kahawa. Fakihi alihukumu watu bila kuletewa kesi, wakamwita Kadhi. Na Bakary, waliyemwita Gazeti, alieneza habari ambazo hata mwenyewe hajazisikia. Asubuhi hiyo Tomaso, fundi cherehani, akaja uso umemshuka. Padre kamwambia Jumapili asimame mbele kanisani aongoze maombi, watu wamwitikie. Na mama yake, bibi Tekla, anataka jina la Severini litajwe. Severini ni mdogo wake Tomaso, alichukuliwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, akapelekwa Bama kupigana na Mjapani, na mwaka wa pili huu hajasikika.

— Sasa taabu iko wapi? Gazeti akauliza. Si unalitaja tu?

— Nalitaja wapi? Katika maombi kuna pahala pa wasafiri, kuna pahala pa marehemu. Nikimweka kwa wasafiri, kanisa zima litanionea huruma, maana kwao keshakufa. Nikimweka kwa marehemu, mama ataanguka palepale.

— Kwa wasafiri, Kadhi akakata hukumu. Mtu mzima wa afya hasomewi hitima.

— Na kama keshakufa?

— Basi si msafiri huyo? Kaenda mbali zaidi.

Ahmadi akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Mie nasema mwombee Kingi, mfalme wa Mwingereza, Gazeti akajivuta. Padre si humwombea Kingi kila Jumapili? Na Severini askari wa nani? Wa Kingi! Basi keshaombewa zamani, mwenyewe tu hana habari.

— Kingi anaombewa dunia nzima, Ahmadi akadakia. Akimmegea Severini kidogo, hatapungukiwa.

— Mtaje huku na huku, Kadhi akabadili hukumu. Mungu atachagua mwenyewe.

— Kadhi, we! Akirudi akasikia nilimtaja na wafu?

— Atadai ubani wake! Ahmadi akasema.

— Au ukifika katikati, Gazeti akasema, mtaje kwa sauti ndogo, halafu ukohoe.

Benchi zima likaangua kicheko. Tomaso naye akacheka, maana kijiweni asiyecheka ndiye anayechekwa.

Mara bibi Tekla huyo, anatoka sokoni na kikapu cha muhogo.

— Shikamoo, mama!

— Marahaba, wanangu. Mnamcheka nani?

— Hatucheki, mama, Kadhi akasema, sauti imeingia asali. Tunamtafutia Severini pahala pa kuombewa.

Tekla akatua kikapu chini.

— Ahsanteni. Severini kanywa kahawa hapa na nyie tangu hajaota ndevu. Nyie mnaswali mara tano kwa siku, sie kanisani kila Jumapili. Tangu aondoke, nani kati yenu keshamwombea?

Akawatazama mmoja mmoja. Gazeti akageuka kutazama barabarani, kana kwamba habari ingetokea huko. Ahmadi akapangusa kikombe kilichokwisha pangusika. Kwa Tomaso mama akakawia zaidi, na Tomaso akaona bora angeulizwa na Padre.

Kadhi akavaa makubadhi yake, akasema adhuhuri imeingia. Umande ulikuwa bado haujakauka.