Kamati ya Kuokoa Shule

Pale Bredäng, huku kwa Waswidi, ukitoka tu stesheni ya treni, kuna benchi lililowekwa ili wazee wapumzishe miguu. Jumamosi, mvua ikiwa na huruma, linageuka bunge la waheshimiwa watatu na chupa moja ya kahawa. Bonaventure, mtu wa Bukavu, dereva wa basi, ndiye mwenye chupa, kwa hiyo ndiye Waziri. Njoroge anatengeneza lifti, wanamwita Injinia. Okech ni Daktari, ingawa kule hospitali kubwa ya Flemingsberg anafua mashuka. Cheo hicho alijipa mwenyewe na hakuna aliyepinga. Vuli ile ya 2009 bunge lilikuwa na kazi nzito. Wakubwa wa mtaa walisema shule ya msingi itafungwa kwa kuwa wanafunzi wamepungua, na kura ingepigwa Alhamisi. Waheshimiwa wakasema haiwezekani, wakaunda kamati.

Kama kamati zetu zote, ilianza kwa kugawana vyeo. Waziri akapata uenyekiti, Injinia ukatibu. Daktari alinuna Jumamosi nzima, mpaka akatungiwa uratibu wa mambo ya nje, maana yake kusimamisha wapita njia. Sasa zilibaki siku chache tu, na kamati ikaona ni wakati mwafaka wa kujadili nani hasa anaiua shule.

– Ni mambo ya kodi, bana, Injinia akasema. Wanataka kuwapunguzia matajiri wa katikati ya jiji. Sasa watakata wapi? Si kwetu?

Daktari akamsikitikia. Akaeleza kwamba kule kwenye mashuka mtu husikia mengi, na maprofesa siku hizi wanachunguza bangi ya dawa, ya kutuliza maumivu. Bangi inataka joto na mwanga. Na ni jengo gani mtaani lina madirisha makubwa na joto mwaka mzima?

– Ukumbi wa michezo wa shule, akajijibu. Watapanda mule. Halafu watatuuzia sisi wenye migongo mibovu.

Waziri alicheka, lakini mgongo wake, ulioharibiwa na kiti cha basi, ulilifikiria jambo hilo kwa makini. Kisha akatoa hukumu ya mwenyekiti.

– Donc, basi, ni kura. Mwaka kesho kuna uchaguzi, na sisi wageni tunapiga ya manispaa. Wakitawanya batoto, wazazi watatawanyika. Wanatuogopa.

Wote watatu wakaafiki kwamba wanaogopwa. Wakanywa kahawa kwa kishindo.

Waziri alikuwa na jambo lake moja alilolikalia. Tangu Agosti alikuwa amemhamishia binti yake, Josiane, shule ya Vällingby, upande wa pili wa jiji, kwa sababu mtu kanisani alimwambia kule mtoto anasoma na Waswidi wenyewe. Mtoto anaamka kiza, anabadilisha treni, na ameonywa asimwambie mtu. Kila Waziri aliposema "shule yetu", aliona aibu, halafu akasema tena kwa sauti zaidi.

Hapo ndipo alipofika Béata, mama wa Kirundi ambaye Daktari alimsimamisha wiki iliyopita akamwahidi umati wa kuitetea shule. Aliwasalimia kwa adabu, akasema amekwenda kuuliza ofisini. Wakubwa watakubali kusikiliza kabla ya kura, ila wanaosimama kusema wawe wazazi wenye watoto pale pale shuleni.

– Israël wangu tulipofika hapa alinyamaza kabisa, akasema. Hata mimi hakunisemesha. Mwalimu wa pale ndiye alimfungua mdomo. Nikimtoa, naogopa ataufunga tena. Sasa niambieni, wakubwa, wa kwenu wako darasa la ngapi?

Waziri akaongeza kahawa kwenye kikombe kilichojaa. Ikamwagika.

– Wangu nilimhamisha, Injinia akasema mwishowe. Yuko Vällingby.

– Vällingby? Daktari akageuka. Hata wangu.

Waziri hakuwa na haja ya kusema. Walikwisha kumsoma usoni. Kumbe kila asubuhi watoto watatu walipanda treni moja, kila mmoja kaapishwa na babake, na walitunza siri vizuri kuliko kamati. Wanafunzi waliopungua, basi, ndio hao.

Wangetamani mama awatukane. Béata hakutukana. Alitazama upande wa shule, kisha akamgeukia mwenyekiti.

– Mwenyekiti, huko Vällingby bado kuna nafasi?

Nafasi zilikuwepo, na Waziri alijua. Akisema ndiyo, ameifunga shule kwa mdomo wake. Akisema hapana, amemdanganya mama wa watu mchana kweupe. Akamtazama katibu, katibu akamtazama mratibu, na mratibu wa mambo ya nje akawa anawachunguza njiwa. Treni ya mjini ikaingia, ikashusha watu, ikaondoka. Béata alikuwa bado anangoja jibu.