Dionis wa Buruji na Asubuhi Moja ya Agosti

Tarehe 30 Juni 2025, Sajinitaji Dionis Gwimo anastaafu baada ya kulitumikia Jeshi kwa miaka thelathini na miwili. Ishirini na minne kati ya hiyo ameitumia hapa kikosini kwetu, kwenye mwinuko huu wa Kasulu ambako baridi ya Juni haina adabu. Kamati ya sherehe iliniomba niandike wasifu wake kwa kurasa mbili. Nimewajibu kwamba nitajitahidi, ila mtu aliyekupigia kelele masikioni kila alfajiri tangu mwaka 2006 haelezeki kirahisi.

Mimi ni Sajini Zaitun Mhina, karani wa kikosi, mzaliwa wa Tanga. Siku yangu ya kwanza kulala hapa niliamshwa na buruji hata nikaanguka toka kitandani. Nilipovaa viatu nikaenda kumtafuta mhusika nimpe vidonge vyake. Nikaonyeshwa mtu mfupi, mpole, ameketi nje ya bwalo anafuta buruji kwa kitambaa cha kaki, akanikaribisha chai ya tangawizi kabla sijafungua mdomo. Malalamiko yale sijayawasilisha mpaka leo.

Dionis alizaliwa Busunzu, wilayani Kibondo, mwaka 1973, mtoto wa nne wa Mama Immakulata na marehemu mzee Gwimo, wakulima wa mihogo na maharage. Tarumbeta alijifunzia parokiani akiwa na miaka kumi na mmoja. Mwenyewe hafichi sababu: kwenye maandamano ya Ekaristi wapiga tarumbeta walitembea mbele, na baada ya misa walikula pamoja na padre. Imani, anasema, ilikuja baadaye kidogo, kupitia mlango wa jikoni.

Alijiunga na Jeshi Julai 1993. Kila kuruta huonywa na waliomtangulia kwamba kule hakuna kunyoosha mkono hata ukiulizwa jina lako. Dionis hakuonywa, au hakusikia. Mpiga buruji wa kombania yao aliugua, mwalimu wa kwata akauliza nani anaweza kupuliza, na mkono mmoja tu ukapanda juu. Alfajiri iliyofuata alipiga wimbo pekee alioujua vizuri, nao ulikuwa wa Noeli, katikati ya Julai. Kombania nzima ilitoka nje inacheka. Mwalimu alimpa pushapu ishirini kwanza, kisha akamkabidhi buruji.

Toka hapo hajaliachia. Amepiga la kuamka, la chakula, la kupandisha bendera na la kulala. Ameyapigia makaburi ya wenzetu tuliowazika, na kwa kazi hiyo hakuwahi kutania wala kuomba apumzike. Alipata Nishani ya Utumishi Mrefu na Tabia Njema, akaipeleka kwa mama yake aishike kwa wiki nzima.

Hata hivyo ukweli usemwe, si kila mlio ulikwenda ulikopaswa. Krismasi ya 2009, kwenye parokia ya jirani anakopigia bendi, pistoni za tarumbeta lake ziligoma, akaamua kutumia buruji la kikosi. Padre alikuwa amemwomba apige mlio laini watu wanapopeleka matoleo. Kumbe midomo ina mazoea yake. Aliposhika buruji likatoka la dharura, lile la kukusanyika na silaha. Vijana wetu wapatao arobaini waliokuwa viti vya nyuma waliruka, wakatoka mbio kwa milango miwili, wakajipanga mbele ya sanamu ya Bikira Maria na kuhesabu namba. Akina mama wa Mabamba, kule mpakani, waliokuja kusali wakashika watoto, wakidhani mambo yameharibika tena ng'ambo ya mpaka. Padre alisubiri mikono ikiwa juu mpaka waliporudishwa, halafu akasema kwamba tangu apewe upadre hajaona utii wa namna ile, na kwamba atafurahi akiuona siku moja kwenye foleni ya kitubio. Mimi siku hiyo nilikuwa zamu, lakini nimesimuliwa na waliokimbia, na kila mmoja anasema yeye hakukimbia.

Mkewe ni Mwalimu Loyce, mtu wa Munanila, anayefundisha shule ya msingi hapa Kasulu. Walikutana kwenye mashindano ya kwaya. Loyce alikuwa anaimba sauti ya kwanza, akamwambia bila kupepesa macho kwamba tarumbeta lake linafunika waimbaji, akae nje ya mlango. Dionis akakaa nje ya mlango, akapigia huko huko, na mwaka 1999 wakafunga ndoa. Wana watoto watatu. Kila Jumamosi nyumba ile hufanya ukaguzi, na mkaguzi ni Mama Immakulata, ambaye anaishi nao, akiwa kwenye kiti chake cha kamba. Nimehudhuria mara kadhaa. Mtu pekee niliyewahi kumwona akiandikiwa makosa ni Sajinitaji, kwa kola, kwa kucha na kwa kusinzia wakati wa rozari.

Sisi Waislamu wa kikosi tuna deni letu la shukrani kwake. Kila Ramadhani aliamka kutuamshia daku kwa mlio mdogo alioutunga mwenyewe, kiganja kikiziba nusu ya mdomo wa buruji ili wasiofunga wasisumbuke. Hakuagizwa na mtu. Aliwahi kuniambia kwamba anayeamka kwa ajili ya Mungu asiamshwe kwa kelele.

Sasa nifike mwaka 2016, ambao Mwalimu Loyce ameniruhusu niuandike.

Juni ya mwaka huo Dionis aliamka upande wa kushoto wa uso umepooza. Jicho halifumbi, mdomo umekwenda pembeni, chai inamwagika. Maneno yakasemwa mengi, kama mnavyotujua: huyu kasema ni upepo mbaya, yule kasema karogwa na anayetaka cheo chake, kana kwamba kuna mtu anautamani mshahara wa kuamka saa kumi. Daktari alisema ni mshipa wa fahamu wa uso. Huenda ukarudi wenyewe baada ya miezi, huenda usirudi wote. Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa habari ya kushukuru. Kwa mpiga buruji, mdomo ndio kazi.

Kikosi kikafunga spika na kurekodi mlio. Wiki ya pili umeme ukakatika, tukalala wote mpaka saa moja na nusu, wapishi wakiwemo. Mkuu wa kikosi wa wakati huo, Luteni Kanali Yusuph Kitwana, hakuwa mtu wa roho mbaya, ila alikuwa mtu wa taratibu. Akatoa siku sitini kwa barua. Tarehe 31 Agosti, Dionis angepiga la kuamka mwanzo mpaka mwisho mbele yake. Akishindwa, anahamishiwa bohari ya kikosi kimoja huko kusini, na nafasi yake inajazwa. Maana yake ilikuwa aende peke yake. Loyce alikuwa na darasa la mtihani, Herieth, binti yao mkubwa, alikuwa kidato cha nne, na Mama Immakulata hakuwa mtu wa kupakiwa kwenye basi la siku mbili. Dionis hakuwa amelala mbali na watu wake tangu aoe isipokuwa kwa amri ya kazi. Nilimwona akiisoma barua ile kwenye meza yangu. Aliikunja mara nne, akaishukuru ofisi, akatoka.

Nyumbani hawakumwacha anune. Loyce alitangaza kwamba moto wa jikoni utawashwa kwa kuni mbichi na utapulizwa na mtu mmoja tu, na kama chai haikuchemka basi hakuna chai. Herieth naye akaanzisha mashindano ya unyoya wa kuku: unawekwa katikati ya meza, huyu anapuliza toka huku na yule toka kule, anayeshindwa anaosha vyombo. Dionis aliosha vyombo wiki tano mfululizo. Mama Immakulata ndiye aliyekuwa refa, na alimpendelea mwanawe waziwazi, akiusukuma unyoya kwa kidole huku anatazama dari. Majirani walisikia vicheko wakadhani uso umepona. Haukuwa umepona, ila nyumba ile haikujua kukaa kimya.

Kanisani nako kulikuwa na Stanislaus Niyonsaba, kiongozi wa bendi, aliyekuja nchini kama mkimbizi, mtoto mdogo mgongoni mwa mama yake, na sasa ni raia na mfanyabiashara wa maharage. Watu walimshauri akijaze kiti cha Dionis kwa muda. Alikataa katakata. Akamtaka aje kila Jumapili, ashike tarumbeta lake, abonyeze pistoni bila kupuliza, mpaka mdomo utakapovikuta vidole njiani. Dionis alikwenda kila Jumapili. Nasi huku, kila Ijumaa baada ya swala, tulimwombea dua kwa jina. Sikumwambia wakati ule, kwa sababu nilijua angelia na jicho lile halikuwa linafumba.

Tarehe 31 Agosti ikafika. Niliandika barua mbili usiku wa jana yake, moja ya uhamisho na moja ya kumrejesha kazini, zote tayari kwa sahihi. Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa watu wanne chini ya mlingoti wa bendera: Mkuu, afisa wa zamu, Dionis na mimi na majalada yangu. Ukungu ulikuwa mzito na mahanga yote, yaani mabweni yetu, yalikuwa giza.

Alilishika shavu la kushoto kwa kidole gumba, akapuliza. Mlio wa kwanza ulikuwa mwembamba, upepo ukivuja pembeni. Wa pili ukasimama. Katikati alipanda vizuri hata nikaanza kuivuta barua ile nzuri kutoka kwenye jalada. Kisha akafika kwenye noti ya mwisho, ile ya juu, nayo ikakatika. Akajaribu tena, ikatoka hewa tupu. Akateremsha buruji, akapiga saluti, akaripoti mwenyewe kwamba ameshindwa. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta kwa sababu alikuwa amesimama mguu sawa.

Mkuu alimtuma afisa wa zamu apite mahanga yote ahesabu ni wangapi bado wamelala. Afisa alirudi baada ya dakika kama saba, akamsogelea na kumnong'oneza. Mkuu akasema kwa sauti ya gwarideni kwamba kazi ya la kuamka ni kukiamsha kikosi, kwamba taarifa aliyopewa ni kuwa kikosi chote kiko macho, hakuna hata mmoja aliyekutwa amelala, na kwamba yeye hapimi muziki. Akanyoosha mkono bila kunitazama. Nilimpa barua moja, akaitia sahihi juu ya jalada langu.

Noti ile ya juu ilirudi kabla ya Krismasi. Baada ya hapo Dionis amefundisha wapiga buruji kumi na mmoja walioko vikosi mbalimbali, wasichana wanne wakiwemo. Mmoja wao ndiye atakayempigia Jumatatu. Na kwa miaka tisa, harusini na kwenye ubatizo, mstaafu wetu amekuwa akisimulia jinsi alivyoamsha kikosi kizima kwa nusu mdomo. Tumekuwa tukimsikiliza na kuitikia.

Afande Dionis, sasa unastaafu, huna cha kunifanya, kwa hiyo nikwambie. Siku ile hukutuamsha. Tarehe ya mtihani niliivujisha mimi, kantini, na adhabu yake niko tayari kuipokea. Hakuna aliyetoa amri. Lakini hanga la pili walikuwa wamekaa vitandani na viatu vimefungwa tangu saa tisa. Waislamu walikuwa wameshatandika mikeka. Wapishi waliacha jiko wakasimama nyuma ya mlango wa bwalo. Ulipoanza kupuliza, watu mia tatu na zaidi walikuwa wamesimama gizani, shuka zimekunjwa, wanakusikiliza, na ilipokatika ile noti ya mwisho hanga la tatu walizibana midomo wasisikike wakilia. Hilo ndilo alilonong'onezwa Mkuu. Alijua, akatia sahihi.

Kwa niaba ya maofisa, askari, vijana na watumishi raia, tunakushukuru wewe, Mwalimu Loyce, watoto, na Mama Immakulata ambaye tunamwomba alegeze ukaguzi walau Jumamosi hii ya kwanza. Mungu akulipe kwa kila alfajiri, na kwa kila daku.

Jumanne, Julai mosi, buruji litalia saa kumi na moja kama kawaida, nasi tutaamka. Wewe lala, Afande. Tunakutakia miaka mingi ya kuamka jua likiwa limeshapanda.