Mikanda Isiyopinda: Miaka Ishirini na Tisa ya 'M'e Mapulane Ramokoena

Makomredi, wanafunzi wenzangu na wafanyakazi wote wa chuo! Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, anastaafu mama yetu, 'M'e Mapulane Ramokoena, dereva wa basi dogo la shule yetu ya chekechea. Sisi tumeandamana sana na kupata machache. Yeye hakuandamana hata siku moja, na hajapoteza hata mtoto mmoja.

Alianza kazi akiwa mwanamke pekee gerejini. Mikanda tisa ya basi ilikuwa imesukumwa chini ya matakia, kana kwamba ni aibu ya ukoo. Aliifukua, akaifua, kisha akauandama uongozi miaka minne hadi vikapatikana viti tisa vya kumwinua mtoto, ili mkanda umpite begani badala ya shingoni, na nyongani badala ya tumboni. Aliyeupitisha chini ya kwapa alirudishwa mlangoni kuanza upya, awe mtoto wa mpishi au wa profesa.

Sheria yake moja ilituudhi: blanketi livuliwe kwanza, mkanda ukazwe, ndipo blanketi lirudi juu yake. Kuvua blanketi, vazi letu la heshima, mwezi Julai, kilele cha baridi yetu, milima ikiwa na theluji! Chama cha wanafunzi kikanusa ukoloni. Tukampelekea waraka wa kurasa sita, akausoma kwa sauti rais wetu, Komredi Tankiso.

'M'e Mapulane alisikiliza hadi nukta ya mwisho. Akamketisha rais kitini na blanketi lake zito, akamfunga mkanda juu yake, akalibana blanketi kwa kiganja. Katika nafasi iliyobaki akatumbukiza boga dogo kutoka kikapuni mwake. Likaingia bila kubisha hodi.

"Ntate Rais, baba," akasema, "mkanda umelikamata blanketi. Wewe uko huru kuruka."

"'M'e, chama kimeshindwa hoja na boga," akajibu Tankiso.

Waraka ulifutwa papo hapo, kwa kauli moja.

Mwaka uliofuata, ng'ombe aliamua kulala katikati ya kona ya daraja. Breki zililia, basi likasimama hatua mbili kutoka pembe zake. Watoto tisa, mikwaruzo sifuri! Aliyeumia ni ndoo ya motoho, uji wetu mchachu wa mtama, iliyoruka hadi kioo cha mbele kwa kuwa haikufungwa mkanda. Watoto wakapiga kelele: "Nkhono, tena! Bibi, tena!"

Sasa vita halisi. Idara ya usafiri imetangaza kwamba akiondoka, viti vya watoto vitang'olewa, maana hakuna dereva mwingine atakayetoa dakika ishirini kila asubuhi kufunga watoto. Kwa desturi mstaafu hupewa blanketi. Yeye amelikataa: "Ninayo saba, mnataka niwe kondoo?" Zawadi anayoitaka ni moja tu, viti vibaki. Idara imekubali kwa sharti: kabla ya siku yake ya mwisho wapatikane watu kumi wa kujitolea kuwafunga watoto, aliowapima yeye mwenyewe. Jana tulijitokeza arobaini. Wamefaulu sita, wengine wote tulipinda mkanda.

'M'e Mapulane, asante kwa kila asubuhi uliyotufungia watoto. Kapumzike kwa furaha. Bustani yako izae, na baridi iyahurumie magoti yako.

Makomredi, bado wanne! Mkutano ujao ni Jumatatu, saa moja kamili asubuhi, gereji ya chuo. Hotuba ziacheni bwenini. Njooni na mikono.